Sakafu ya Vigae na Jamvi Lake

Leo twataka kusema juu ya sakafu za vigae, hasa juu ya ile sehemu ya sakafu ambayo haionekani tena kazi ikiisha. Vigae hivi ndivyo ambavyo mafundi wengi wa Korogwe na Handeni huviita marumaru, au tailizi. Kusema kweli marumaru ni jiwe jingine kabisa, jiwe la kuchimbwa, lakini jina limekwisha enea na hatuna nguvu ya kulirudisha.

Zamani vigae vya sakafu vilikuwa mapambo ya mahoteli na ya nyumba za matajiri wa mijini. Siku hizi vyatengenezwa hapa hapa nchini, Mkuranga na Chalinze katika Mkoa wa Pwani, na malori huvipandisha kwa barabara kuu ipitayo Mkata na Segera mpaka madukani kwetu. Mwalimu aweza kuvinunua, na mkulima wa mahindi vile vile, japo kidogo kidogo: boksi moja mwezi huu, boksi jingine baada ya mavuno. Basi mtu hukusanya vigae muda wa miaka miwili au mitatu, akivipanga ukutani na kuvifunika, halafu humtaka fundi avibandike vyote kwa siku mbili. Hapo ndipo hasara huanzia.

Maana kigae hakibebi sakafu. Sakafu ndiyo ibebayo kigae. Kigae ni kitu kigumu, walakini hakinepi. Ukikilaza juu ya mchanga uliosawazishwa vema waweza kusimama juu yake bila kukivunja. Ukikiweka kigae kile kile juu ya vijiti viwili vilivyoachana, kisha ukikanyage katikati, chaweza kupasuka mara moja. Uzito wako haukuongezeka, wala kigae hakikubadilika. Kilichobadilika ni kile kilicho chini. Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili kwa kigae kilichotupwa, lakini wavae viatu. Yote tutakayosema leo yatoka katika jaribio hilo dogo: kila mahali chini ya kigae pasipo na kitu imara cha kukishika, pana ufa unaongoja siku yake.

Tumeona darasa katika shule moja ambayo haina haja ya kutajwa. Vigae vyake vilikuwa vyeupe, vizuri kwa macho, lakini ukivigonga kwa kifundo cha kidole vilitoa sauti ya mtungi mtupu. Kabla ya miaka miwili kwisha vilikuwa vimenyanyuka mstari mzima toka mlangoni hata ubaoni, na kingo zake zikawakata watoto nyayo. Fedha zile zilikuwa za wazazi, zilizochangwa kwa mahindi. Vigae havikuwa na kosa lo lote.

Jambo hili la kuitengeneza sakafu kuanzia chini si ugeni kwetu. Katika nyumba za kale za mawe za Unguja, Lamu na Pangani, waashi walilaza boriti za mikoko, juu yake mawe bapa ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, na watu wengi wakaipiga sakafu ile kwa vipande vya miti siku kadhaa, wakiimba, hata chokaa ikashikamana na mawe. Huko bara, mama zetu wa Uzigua na Usambara waliushindilia udongo wa sakafu ukiwa na unyevu, wakaulainisha kwa mkono, wala hawakuutandika mkeka juu ya udongo uliolegea. Na mbali sana, mjenzi wa Kirumi jina lake Vitruvius, aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliagiza mawe yasiyopungua ukubwa wa ngumi yawekwe kwanza, kisha kokoto na chokaa zilizopigwa sana, kisha vigae vilivyosagwa vikichanganywa na chokaa, ndipo sakafu ya kukanyagwa iwekwe juu. Waashi wetu nao wana neno lao zuri: zege la chini ya sakafu huliita jamvi. Mkeka mzuri hutandikwa juu ya jamvi. Na vigae ni mkeka tu.

Basi na tuanze chini kabisa, penye udongo.

Katika nchi ya Handeni na Korogwe twakuta udongo wa namna mbili ulio tofauti sana. Juu ya miinuko ni udongo mwekundu, wenye mchanga mchanga, ambao ukishindiliwa hutulia. Mabondeni na mbugani ni udongo mweusi wa kunata. Udongo huu mweusi huvimba unyeshewapo na hunywea ukaukapo. Wakati wa kiangazi waweza kuingiza kiganja katika nyufa zake. Sakafu iliyowekwa juu yake hupanda na kushuka kila mwaka, masika na kiangazi, kama kifua cha mtu aliyelala. Hakuna gundi wala kigae kiwezacho kustahimili hayo.

Kama hujui udongo wa kiwanja chako ni wa namna gani, fanya hivi. Tengeneza visanduku viwili vya mbao, virefu na vyembamba, vilivyo sawa. Kimoja ukijaze tope la udongo wa kiwanja chako, kingine tope la udongo mwekundu wa mlimani, uvisawazishe juu, kisha uviache kivulini mpaka vikauke kabisa. Tazama kila udongo umenywea kiasi gani na kuachana na ncha za kisanduku. Ule ulionywea sana, ukapindika na kupasuka, usijenge sakafu juu yake. Ama uhame, ama uuchimbe na kuutoa, na mahali pake ujaze moramu. Ikiwa udongo mweusi wenda chini sana usifikiwe mwisho wake, twashauri kumwita mhandisi wa halmashauri kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Haya si mambo ya kubahatisha.

Juu ya udongo mwema pia kuna kazi. Inchi 6 za juu, yaani sentimeta 15, zenye mizizi na majani yaliyooza, ziondolewe zote, maana kitu kikiozea chini huacha tundu. Kisha hujazwa kifusi ndani ya kuta za msingi. Na hapa twaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa katika nyumba zetu vigae vingi huharibikia katika kifusi. Desturi ya wengi ni kumwaga kifusi chote mara moja, futi mbili au tatu, na kukikanyaga kanyaga juu. Juu hukaza, chini hubaki kimelegea. Miaka michache baadaye maji hupenya chini, kifusi hushuka, zege hubaki likining'inia juu ya uwazi, ndipo ufa huonekana katikati ya sebule na watu husema vigae hivi ni vibovu.

Yapasa kifusi kiwekwe kwa tabaka zisizozidi inchi 6, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine kuwekwa, kwa gogo zito lenye mikono miwili au kwa mashine ya kukodi. Tena kisishindiliwe kikiwa kikavu. Handeni wakati wa kiangazi kifusi huwa kama unga, na unga haushindiliki. Chembe zake zahitaji maji kidogo ili ziteleze na kukaribiana. Walakini maji yakizidi, yenyewe hushika nafasi na udongo huwa tope. Kipimo ni hiki: chukua konzi moja, uifinye. Ikishika umbo la mkono wako bila kukulowesha, na ukiiangusha ikavunjika vipande viwili vitatu, unyevu watosha.

Vichuguu vilivyomo kiwanjani vichimbwe mpaka chini na kujazwa, na dawa ya mchwa inyunyizwe na mtu ajuaye kazi hiyo, wala isiwekwe karibu na kisima. Mchwa hawali zege, lakini hupita katika nyufa zake kwenda kula miimo ya milango.

Juu ya kifusi hupangwa mawe magumu, kiasi cha inchi 6, yakagongwa yakae, na nafasi zake zikajazwa changarawe. Watu wengi hudhani mawe haya ni ya nguvu tu. Yana kazi nyingine, nayo yawafaa hasa watu wa Korogwe. Kule bondeni, karibu na mto Pangani na mto Lwengera, mara nyingi maji ya ardhini hayako mbali. Twajua kwamba ukichovya ncha ya kitambaa katika maji, maji hupanda kitambaani yenyewe. Katika udongo laini nayo hupanda vivyo hivyo. Lakini kati ya mawe makubwa nafasi ni pana, na maji hayawezi kuzipanda. Kwa hiyo tabaka la mawe huikata safari ya maji.

Halafu mawe hufunikwa kwa mchanga kidogo, yasitoboe, na juu ya mchanga hutandikwa nailoni. Nailoni tusemayo si ile ya mifuko ya dukani, iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Ni nailoni pana ya ujenzi, nene kama robo ya milimeta. Vipande vipandane futi moja, na pembezoni nailoni ikunjwe ipande ukutani. Twajua kuna mafundi wanaoiacha kwa kuwa mwenye nyumba haioni. Pasipo nailoni unyevu hupanda, huleta chumvi nyeupe katika mianya ya vigae, na pengine huidhoofisha gundi. Ni katika vitu vya bei ndogo kabisa katika sakafu nzima, na kazi ikiisha haiwezi kurudishwa.

Sasa zege lenyewe la jamvi. Kwa nyumba ya kukaa, unene wa inchi 4, yaani sentimeta 10, watosha: saruji sehemu moja, mchanga sehemu mbili, kokoto sehemu nne. Sehemu hizo zipimwe kwa sanduku, zisipimwe kwa beleshi, kwani beleshi la asubuhi si sawa na beleshi la jioni mtu akiisha choka. Mfuko wa kilo 50 wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi. Sanduku lenye urefu wa sentimeta 40, upana 35 na kimo 25 huchukua kiasi hicho hicho; basi mfuko mmoja wa saruji, masanduku mawili ya mchanga, masanduku manne ya kokoto. Mchanga wa mto ni mzuri, lakini uujaribu: tia mchanga kiasi cha nusu katika chupa nyeupe, ongeza maji, tikisa sana, uiache ikae. Mchanga hutua kwanza, na matope hutua juu yake. Matope yakizidi kama sehemu moja katika kumi na mbili za kimo cha mchanga, uoshwe au utafutwe mwingine. Maji nayo yawe ya kufaa kunywewa.

Kiasi cha maji ndicho chenye ubishi mkubwa. Mfuko mmoja wahitaji lita 25 hadi 30, pamoja na unyevu uliomo mchangani. Vibarua hupenda zege liwe kama uji, kwa sababu uji humwagika na kujisawazisha wenyewe, na mgongo haupati taabu. Lakini maji ya ziada hayashiki saruji. Hukaa humo, baadaye hukauka na kwenda zake, yakiacha vijitundu vingi, na zege hunywea na kupasuka. Zege liwe kama ugali mlaini, lisukumwe kwa ubao na kugongwagongwa mpaka litulie.

Likiisha kushika, halijakomaa bado. Wengi hudhani saruji hukazika kwa kukauka kama tope, na kumbe ni kinyume: hukazika kwa kuungana na maji, na ikinyimwa maji mapema huacha kukomaa. Kwa hiyo jamvi linyweshwe siku saba zisizopungua. Twaijua shida ya Handeni. Mji ule umetegemea muda mrefu maji yavutwayo kwa bomba kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na penye uhaba ndoo hununuliwa. Mama mwenye nyumba akiambiwa amwage ndoo kumi kila siku juu ya zege, ataona ni wazimu, naye ana haki. Basi dawa yake ni kuyazuia maji yasikimbie. Zege likiisha kushika lilowesheni mara moja vizuri, mlifunike kwa magunia ya mkonge yaliyoloa, na juu ya magunia mtandike nailoni mkiibana kwa mawe. Asubuhi inueni pembe moja mtazame. Magunia yakiwa bado na unyevu, hamna haja ya kuongeza hata kikombe. Nchi yetu ni nchi ya mkonge. Si neno la kusumbuka.

Baada ya siku saba funueni, na sasa liacheni likauke. Wiki sita ni muda mwema kabla ya kubandika vigae juu ya jamvi jipya, kwa maana zege hunywea likaukapo, na kigae kilichobandikwa mapema huvutwa nalo. Wenye haraka watakasirika. Na wakasirike.

Jamvi mara nyingi halikunyooka kiasi cha kutosha, ndiyo sababu juu yake huwekwa tabaka jembamba la saruji na mchanga, inchi moja na nusu hivi, sehemu moja kwa tatu au kwa nne, na maji kidogo tu, hata ukilifinya mkononi lishikamane bila kuchuruzika. Kabla ya kuliweka, jamvi lisafishwe kwa ufagio mgumu, liloweshwe, lipakwe saruji iliyokorogwa kwa maji, na tabaka liwekwe papo hapo saruji ile ingali mbichi. Ikikauka kwanza, huwa kama vumbi kati ya tabaka mbili. Tabaka hili nalo linyweshwe, kisha lipewe wiki tatu za kukauka.

Hapa mafundi wetu wana tabia moja ambayo twataka kuikemea kwa upole. Wakiisha kunyoosha tabaka hulipiga niru likang'aa kama sahani. Niru ni nzuri kwa sakafu itakayokaa hivyo hivyo. Kwa sakafu itakayobandikwa vigae, niru ni adui, kwa sababu gundi hushika penye ukwaruzo, haishiki kioo. Sakafu iachwe kama ilivyotoka katika ubao. Ikiwa niru imekwisha pigwa, hapana budi kuichokoachokoa yote kwa patasi, inchi kwa inchi, na kufagia vumbi lote.

Kunyooka kwake hupimwa kwa ubao ulionyooka wa mita 2. Ulaze kila upande, na uangalie mwanga chini yake: nafasi isizidi milimeta 3. Kwa vigae vidogo vya sentimeta 30 waweza kusamehe kidogo. Kwa vile vikubwa vya sentimeta 60, vipendwavyo sana sasa, hapana kusamehe, kwani kigae kikubwa hakiwezi kufuata bonde wala kilima. Mwenye sakafu isiyonyooka na anunue vigae vidogo. Ndio ushauri wetu, wala si aibu.

Twaja kwenye kubandika. Vigae si vya namna moja. Geuza kigae, tia tone la maji mgongoni, uhesabu polepole. Maji yakinyweka upesi, kigae hicho chanyonya maji, na chaweza kulazwa katika saruji na mchanga mbichi, baada ya kukilowesha ndooni na kukiacha kichuruzike. Tone likikaa pale pale likimetameta, hicho ni kigae kilichochomwa kwa moto mkali sana, cha namna ile inywayo maji chini ya nusu ya sehemu moja katika mia. Saruji ya kawaida hushika kwa kupenya katika vijitundu vya kigae. Pasipo vijitundu haina pa kushika. Kigae hicho chataka gundi yake, ile ya unga iuzwayo katika mifuko. Twasikitika kuona mtu amenunua vigae vya bei kubwa, akaona gundi ni ghali, akavilaza katika saruji tupu. Afadhali angefanya kinyume: vigae rahisi na gundi njema.

Gundi isambazwe kwa mwiko wenye meno, mistari yote ielekee upande mmoja, kigae kikandamizwe na kusogezwa kidogo mpaka mistari ijilaze na hewa itoke. Kigae kikubwa kipakwe na mgongoni pia. Namna ambayo hatuikubali hata kidogo ni ile ya madonge: donge moja kila pembe na moja katikati. Fundi huipenda kwa kuwa ni upesi, na kwa kuwa humsaidia kuficha sakafu isiyonyooka. Lakini kumbukeni vijiti viwili tulivyotaja mwanzo. Kati ya madonge pana uwazi. Mchi wa kinu ukianguka hapo, au mguu wa kitanda ukikaa hapo, kigae kimekwisha. Na katika uwazi ule maji ya kuoshea sakafu hukusanyika, na sisimizi hufanya mji wao.

Mwenye nyumba hana haja ya kugombana na fundi. Amwombe tu, kwa adabu, ainue kigae kimoja alichokilaza sasa hivi. Mgongo wake ukiwa umefunikwa gundi karibu wote, kazi ni njema. Ukionyesha madoa tu, ndiyo saa ya kusema, kabla ya chumba kizima. Katika upepo mkavu wa Handeni gundi huota ngozi juu upesi, kwa hiyo isambazwe ya vigae vitatu vinne tu kwa mara moja. Ukiigusa isinate kidoleni, ikwanguliwe na kutupwa. Mikono ivikwe glavu na watoto wakae mbali, maana saruji mbichi hubabua ngozi.

Mianya kati ya vigae isipungue milimeta 3, na pembezoni mwa kuta iachwe nafasi ya milimeta 6 hivi isiyojazwa saruji, itakayofichwa na kigae cha ukutani. Vigae hutanuka kwa joto. Barazani, jua la mchana likivipiga, vikikosa nafasi husukumana mpaka viwili vinainuka kama paa la banda. Darasa lile tulilolitaja halikuwa na nafasi hata ya unywele.

Mtu mwenye nyumba ya zamani atauliza kama sakafu yake ya saruji yaweza kubandikwa vigae. Aigonge yote kwa kipini cha nyundo, akitia alama ya chaki kila mahali pasikikapo uwazi. Hapo pavunjwe na kujazwa upya. Nyufa aziwekee alama ya kalamu kwenye ncha zake na kuandika tarehe, azitazame masika na kiangazi. Ufa unaokua watoka udongoni, wala vigae havitauponya. Mwisho akate nailoni ya futi moja na nusu kila upande, aibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, aiache usiku na mchana. Akiifunua akakuta umande au sakafu imekuwa nyeusi, maji yapanda. Sakafu za mbao, ambazo kule Marekani hutandikwa vibao vya saruji kabla ya vigae, hapa kwetu ni chache mno, hatutazisemea.

Na hesabu? Chumba cha mita 4 kwa 3 kina eneo la mita za mraba 12. Mawe ya inchi 6 ni mita za ujazo 1.8. Zege la jamvi ni mita za ujazo 1.2, nalo lahitaji mifuko 8 ya saruji. Tabaka la juu la sentimeta 4 lahitaji mifuko 4. Vigae vya sentimeta 40 ni 75, uongeze saba au nane kwa vitakavyokatwa na kuvunjika. Wanafunzi na wahesabu chumba chao wenyewe, kisha waende dukani kuuliza bei za siku hiyo na kuzijumlisha.

Yamkini jumla itazidi fedha zilizopo. Basi swali ni lipi liachwe, nasi jibu letu ni vigae. Sakafu ya saruji tupu, iliyo juu ya mawe, nailoni na jamvi zuri, ni sakafu ya heshima. Huko Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea maskini sakafu za saruji mahali pa udongo. Wataalamu waliolinganisha watoto, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliona kwamba nyumba ikibadilishwa sakafu yote, minyoo na vijidudu vya tumbo hupungua kwa asilimia 78, na kuhara kwa asilimia 49. Hapakuwa na kigae hata kimoja. Mtoto atambaaye hujali ukavu na usafi wa sakafu. Rangi ya maua ni haja ya wageni.

Mwenye nia ya kuweka vigae baadaye afanye mambo mawili tangu sasa. Sakafu aiache bila niru, ifagiwe tu na kutandikwa mikeka mpaka siku hiyo. Na fundi seremala atakapopachika milango, aache chini yake nafasi ya sentimeta 2 juu ya sakafu ya sasa, kwa kuwa kigae na gundi yake huinua sakafu karibu kiasi hicho, na mlango wa mninga uliokwisha pigwa vanishi hauna raha kurudishwa kwenye msumeno.